Amenizoea

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijisifu, ni tabia tu, kama wengine walivyo na tabia ya kukoroma. Mtu akinipa zawadi, mimi hutafuta kwanza karatasi ya kutia saini. Jirani akinichangamkia kupita kiasi kwenye lifti ya jengo letu hapa Evere, Brussels, najua atataka nimwagilie maua yake akienda likizo, na mara nyingi sijakosea. Lakini hakuna kitu nilichokishuku maishani kama mkono wa mwanasiasa. Na siku shaka hiyo ilipohitajika kweli, niliielekeza kwa mtu mwingine, mwanamke asiye na kosa.

Nilizaliwa Uvira nikakulia Kigoma, ambako wazazi wangu walivuka ziwa kutafuta usalama. Nikasoma huko, ndiyo maana nina Kiswahili cha shuleni na Kiswahili cha nyumbani, na nimekuja kuvitumia vyote viwili kwa kazi ya ukalimani. Huko kote nilikopita utotoni, hakuna mtu mzima aliyenibusu kwa salamu. Ukimsalimia mkubwa unakunja goti kidogo, unatoa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unashika kiwiko chako mwenyewe. Nilipofika Brussels ndipo nilipoelewa uzuri wa salamu ile: mikono yote miwili ina kazi.

Wiki yangu ya kwanza, mwalimu wa kozi ya Kifaransa, mzee mwenye ndevu, alinibusu shavuni mbele ya darasa zima. Niliganda, kisha nikajifuta kwa kiganja, na darasa likacheka. Nikaelezwa kwamba hapa ni busu moja tu, la shavu kwa shavu, midomo haigusi, na halina maana yoyote. Basi nikajifunza. Kwa miaka ishirini na kitu nimebusiana na madaktari, wakurugenzi wa shule na mapadri waliostaafu kutoka kwetu. Busu lenyewe kweli halina neno. Nilichozoea kukichunguza ni mikono, katika ile nukta mashavu yamekutana na macho hayaoni chini. Mikono ya wengi hutulia mabegani. Ya wengine ina safari zake.

Mwanasiasa ninayemzungumzia, diwani wa manispaa, alikuwa anakaribia miaka sabini, mrefu, mwenye skafu nyekundu hata mwezi wa sita. Alizaliwa Bukavu, baba yake alikuwa na shamba la kahawa huko, wakaondoka naye akiwa bado mtoto. Kwa hiyo alijihesabu kuwa wetu. Akiingia ukumbini alipaza sauti, "Jambo maman! Habari ya siku mingi?" na kina mama walicheka kwa furaha ya kweli, maana si kila siku mkubwa wa hapa anakusalimia kwa lugha yako. Wabelgiji wa Brussels hubusiana mara moja. Yeye kwetu alibusu mara tatu, akasema ndiyo desturi ya Kongo. Kongo ya wapi? Mama yangu mzazi hakuwahi kumbusu mwanamume mbele za watu, hata baba yangu. Lakini nani angebishana naye? Ukumbi ule wa Laeken, tuliokutania kila Jumamosi sisi kina mama wa Kivu, ndiye aliyetupatia.

Ilipokuja korona tukasalimiana kwa viwiko, na nakiri nilifurahi. Hatari ilipopita, si mashavu yote yaliyorudi. Wanawake wa maofisini, hasa wasichana, walikuwa wameonja uhuru. Walinyoosha mkono mapema, kutoka hatua mbili mbali, au waliweka kiganja kifuani wakatabasamu, na hakuna aliyethubutu kuuliza sababu. Tena habari za wakubwa walioshika-shika wanawake zilikuwa zinasikika redioni kila baada ya muda. Vyama vikaogopa, vikaunda kamati za kusikiliza malalamiko, vikabandika matangazo hadi kwenye milango ya vyoo. Diwani wetu alirudi na busu zake tatu wiki ileile iliporuhusiwa. "Kwenu hatuogopani," alituambia kwa Kifaransa. Nilikuwa nimemwona siku mbili kabla kwenye mkutano wa chama chake, akiwanyooshea mkono madiwani wenzake wa kike kwa adabu kabisa. Kwao mkono, kwetu shavu. Nikalitia jambo hilo akilini.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kumtazama, ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Siku ya kufungua ukumbi tulipiga picha, yeye katikati, mimi kulia kwake kwa kuwa ndimi niliyetafsiri hotuba. Mkono wake ulinizunguka kiunoni. Kisha ukashuka. Ukakaa pale ulipofika, ukaminya, na yeye huku anamtabasamia mpiga picha. Nilijiambia ni bahati mbaya, ingawa mkono haupotei njia muda wote ule. Sikusema kitu. Picha ilitundikwa ukutani, karibu na mlango wa jikoni, na kila Jumamosi nilijiona mle ndani nikicheka.

Mama aliyenijia kwa malalamiko ndiye aliyekuwa mpishi wetu ukumbini. Alikuwa na miaka sitini na mbili, mjane kutoka milima ya Kalehe, aliyefika hapa nywele zimeshaingia mvi. Kifaransa chake kiliishia kwenye bei na namba za basi. Beignets zake, maandazi ya kwetu, watu walizifuata hata kutoka upande wa pili wa jiji. Alikuja kwangu Alhamisi moja asubuhi, akaketi jikoni bila kuvua koti.

"Mudogo yangu," akasema, "ule papa wa commune amenizoweya."

Papa wa commune, yaani wa manispaa, alikuwa diwani wetu. Na hilo la kuzoea kwetu halihitaji maelezo. Mwanamke akikwambia "usinizoee", unarudi nyuma hatua moja na unaomba radhi. Hata hivyo nilimtaka aeleze, na akaeleza, akitazama meza, mkono mmoja ukionyesha nyuma ya kiuno, pale aproni inapofungwa.

"Anaingiaka jikoni, anasema anakuja kuonja. Anapita nyuma yangu. Mukono yake inakuya pale kamba ya tablier inafungiwa, alors inashuka. Nilimuambia, papa, acha. Anacheka. Anasema, maman iko na nguvu!"

"Mara ngapi?"

"Trois fois." Akainua vidole vitatu. "Ya mwisho nilimuonyesha kifuniko ya sufuria."

Nikamuuliza anataka nini. Hakufikiri hata kidogo. "Nataka bantu bajue sikumuita jikoni. Njo ile tu." Njo yetu ni "ndiyo" ya Kigoma: ndiyo hilo tu.

Mtu yeyote angedhani kwamba mimi, kwa yale niliyoyajua, ningemwamini palepale. Sikumwamini. Uchaguzi wa manispaa ulikuwa unakaribia, na mimi nikaanza kunusa. Kwa nini sasa? Kwa nini si mwaka jana? Siku chache baadaye nilikuwa saluni, Galerie d'Ixelles, kichwa kimeshikwa na msusi, nikamsikia akimwambia mwenzake kwamba mgombea mmoja Mkongo, wa orodha ya wapinzani, ameonekana mara mbili akitoka nyumbani kwa yule mama.

"Quand même," msusi akashangaa, "ule mwanaume iko anatafuta nini kwa maman?"

Nikapata jibu langu. Nikaona njama nzima: mgombea, mama, malalamiko, gazeti, diwani chini, ukumbi umekwenda. Na kulikuwa na wazo jingine, ambalo naona haya kuliandika. Nilijiuliza, mwanamke wa miaka sitini na mbili, mwenye vitambaa viwili kichwani na viatu vya muuguzi, kweli? Niliwaza hivyo mimi, niliyeminywa nikiwa na hamsini kasoro.

Lakini fomu ya malalamiko nilimjazia, maana ndiyo kazi yangu, nikaandika tu kwamba ana jambo la kueleza kuhusu diwani, na kamati ya chama cha diwani ikamwita. Nilikwenda naye kama mkalimani.

Waliotupokea walikuwa wawili: binti mwenye kompyuta, mchangamfu, aliyeweka kiganja kifuani badala ya kutupa mkono, na mwanamume wa makamo ambaye hakusema mengi. Nilimwona mama akimtazama yule mwanamume, kisha akiuvuta mkoba wake magotini. Nikajua palepale kwamba yale ya kamba ya aproni hayatatamkwa. Mama wa kutoka Kalehe hataji sehemu za mwili wake mbele ya mwanamume asiyemjua. Atatafuta neno moja la heshima, aliingize jambo lote humo, na atategemea wasikiaji wawe na akili.

"Aeleze kwa maneno yake," binti akasema.

Mama akakohoa. "Ule papa amenizoweya. Amenizoweya sana."

Nikafungua kinywa, nikasema: "Il s'est habitué à moi. Beaucoup."

Kwa Kifaransa, hayo ni maneno matamu. Maana yake ni kwamba mtu amekuwa mwenyeji wako, hakuoni tena mgeni. Paka humzoea bwana wake hivyo. Binti aliinua uso kwa mshangao kidogo, akaandika, kisha akauliza kwa upole: "Tangu lini?"

"Tangu lini amekuzoea?" nikamuuliza mama, na swali langu lilikaa sawasawa kabisa.

"Kutoka mwaka tulipata salle."

"Tangu mwaka tulipopata ukumbi," nikamwambia binti.

"Na hutokea wapi, huku kuzoeana?" binti akauliza.

"Jikoni. Bantu wakitoka, tunabakia sisi wawili, njo pale ananizoweyaka."

Nikalitafsiri hilo nalo. Binti alimtupia mwenzake jicho. Mazungumzo yakaendelea hivyo kwa nusu saa. Kila upande ulisikia ulichosikia, na hakuna aliyesema uongo. Mama alikuwa anashtaki, na binti alikuwa anasikia habari za urafiki wa wazee wawili. Alipomuuliza kama diwani aliwahi kumgusa, na wapi, mama alimtazama tena yule mwanamume. "Si nimeshasema?" akanong'ona. "Amenizoweya." Nikalirudia kwa Kifaransa kilekile.

Sisi wakalimani tuna kanuni. Usiongeze, usipunguze, na neno likiwa na nyuso mbili unainua mkono na kusema: mkalimani anaomba kufafanua. Nimefanya hivyo mara nyingi. Mama mmoja hospitalini alipomwambia daktari kwamba roho inamchafuka, na daktari akaanza kuandika habari za huzuni na msongo, niliinua mkono nikaeleza kwamba ni kichefuchefu. Ingenichukua sekunde kumi kueleza "amenizoea". Sekunde hizo nilikuwa nazo. Mkono ulibaki mapajani.

Wakati ule nilijipa sababu nzuri nzuri. Kwamba mimi si shahidi, ni mdomo tu. Kwamba natafsiri kile kinachosemwa, si kile ninachokijua. Kwamba siwezi kutumiwa na wapinzani. Sasa ninajua nilichokuwa nacho moyoni, na kilikuwa chuki. Nilimchukia yule mama kwa kuwa amekwenda kusema. Mimi nilinyamaza, nikacheka kwenye picha, nikavumilia kila Jumamosi. Yeye ni nani asinyamaze?

Tulipotoka alinishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nimesikia vizuri," akasema. "Ule mutoto mwanamuke alinisikiliza. Aliandika sana."

Jumamosi iliyofuata diwani alikuja ukumbini mapema, na skafu yake, uso unang'aa. Bila shaka alikuwa amepata habari, maana watu wa chama kimoja hawafichani. Mama alikuwa anatoka jikoni na sinia la beignets, kalishika kwa mikono miwili. "Maman yangu!" diwani akapaza sauti, akamwendea mbele ya wote, akambusu mara tatu polepole, mkono mmoja umeshuka nyuma ambako hatukuweza kuona. Mama hakuweza kumsukuma bila kuangusha sinia. Alisimama tu. Macho yake yalinitafuta mimi kati ya watu arobaini, na yalikuwa yanauliza kitu ambacho nilikielewa vizuri. Kina mama wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Mama aliileta kwangu Evere haijafunguliwa, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki isilowe mvua. Safari hii alivua koti. Nilimwandalia chai, nikaipasua bahasha kwa kisu, nikasoma kimya kwanza.

"Balisema nini?"

Ningeweza kumdanganya. Hilo ndilo jambo baya katika kazi yetu, kwamba tunaweza. Nilitafsiri neno kwa neno: kwamba kamati imemsikiliza kwa makini na inamshukuru, kwamba kati yake na diwani kuna mazoea ya muda mrefu ya pande zote mbili, kwamba mazoea hayo yanatokana na desturi za salamu ambazo kamati inaziheshimu, na kwamba faili limefungwa.

Mama aliivuta barua kwake. Mvua ilikuwa inapiga kwenye kioo.

"Pande zote mbili," akasema. "Mimi nilimuzoweya wapi?"

Nikaanza kuikunja bahasha.

"Nilisema vile? Mudogo yangu, siku ile nilisema mi namuzoweya?"

"Hapana, maman. Hukusema."

"Sasa bantu wanaandika nilimuita jikoni." Aliugonga kwa kidole muhuri wa chama. "Kwa cachet ya parti. Watoto yangu watasoma hii."

Nilijaribu bado kujitetea, nashangaa hata leo. Nilimuuliza habari za yule mgombea anayekuja kwake. Alinitazama kama mtu asiyefahamu lugha.

"Ule mutoto wa chorale? Ananibebeaka unga, ascenseur yetu imekufa. Ju ya nini unaniuliza ile?"

Basi, njama yangu nzima ilikuwa kijana wa kwaya, unga na lifti mbovu. Nikamwambia. Nilimwambia neno nililolitumia kwa Kifaransa, na maana yake, na kwamba nilijua. Nilimweleza kanuni ya kuinua mkono, na kwamba sikuinua. Haikuchukua muda mrefu kueleza. Aliisukuma chai yake mbali kidogo.

"Donc," akasema taratibu, "wewe njo umenizoweya."

Nimetukanwa na watu wengi katika kazi hii, na maafisa, na wateja, na mara moja na hakimu. Hakuna lililoniingia kama hilo. Nililia, na yeye hakunibembeleza, na alikuwa na haki. Alingoja nimalize. Kisha aliichukua simu yangu iliyokuwa juu ya friji, akaiweka mezani mbele yangu, juu ya barua.

"Piga," akasema.

Binti wa kamati alipokea mwenyewe. Nilijitambulisha kama mkalimani, nikamwambia nimefanya kosa. Aliuliza kosa gani. Nikamweleza kwamba kuna neno ambalo nililitafsiri kwa namna iliyoligeuza, na kwamba mama hakuzungumzia urafiki. Nikasikia anavuta kiti. Akaniomba nimpe maana sahihi. Nikajaribu: kuvuka mpaka, kujichukulia ruhusa, kumfanya mtu mali yako. Kila neno la Kifaransa lilikuwa linapwaya.

"Nipe mfano," akasema. "Nitaelewa zaidi kwa mfano."

Mama alikuwa amenikazia macho, haelewi Kifaransa changu, anaangalia mdomo wangu.

"Mfano," nikasema. "Siku ya kufungua ukumbi, tunapiga picha. Diwani anaweka mkono kiunoni kwa mwanamke aliye kulia kwake. Mkono unashuka mpaka chini ya mgongo, anamminya makalio, anaendelea kutabasamu, na mwanamke naye anatabasamu kwa sababu ukumbi ni wa diwani. Kwa Kiswahili mwanamke huyo atasema, amenizoea."

Nikasikia anabofya kompyuta. Nadhani alikuwa anaitafuta ile picha, maana ilikuwa kwenye ukurasa wa chama. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya chini na ya uangalifu.

"Madame," akasema, "huo ni mfano, au ni malalamiko?"

Mama aliniinamia.

"Anasema nini?"

Nikamtafsiria yote, mfano wangu na swali la binti, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuonyesha kushangaa. Pengine alikuwa ameijua picha ile kuliko mimi, miaka yote hiyo aliyopita chini yake na masinia.

"Basi umujibu," akasema. "Si uko na Kifaransa?"

Nikamjibu kwamba ni malalamiko, na kwamba ni mawili.